Kabla hujamkabidhi kijana pikipiki, hakikisha anaijua kona

Mdogo wangu alijifunza kuendesha pikipiki kwa siku moja. Jumamosi asubuhi rafiki yake alimwonyesha klachi, gia na breki pale kijiweni, mchana akazunguka mtaa mara tano, Jumatatu akaanza kubeba abiria. Nyumbani tulifurahi. Baba alikuwa ameuza ng'ombe wawili kuinunua pikipiki hiyo, na kijana alikuwa amekaa bila shughuli tangu amalize kidato cha nne.

Wiki ya tatu mvua ilinyesha. Jioni akirudi nyumbani, kwa bahati hakuwa na abiria, aliingia kwenye kona ambayo lami inaishia na barabara ya vumbi inaanzia. Alipohisi yuko kasi, akabana breki ya mbele kwa nguvu. Gurudumu la mbele likateleza, pikipiki ikalala na yeye akaburuzwa nayo hadi mtaroni. Alivunjika mguu wa kushoto, chini ya goti. Helmeti aliyovaa ilichubuka upande mzima. Sipendi kufikiria ingekuwaje kama angekuwa ameitundika kwenye usukani, kama wengi wanavyofanya.

Tulipomuuliza, alisema barabara ndiyo iliyomtupa. Alikaa nyumbani miezi mitano akiamini hivyo, na sisi tukiamini naye.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Hapa kwetu si ajabu kusikia wodi ya mifupa ikiitwa wodi ya bodaboda. Pamoja na hayo, wazazi wengi tunamwaga kijana kwa maneno mawili tu: uwe mwangalifu. Maneno hayo ni mazuri, ila hayamwambii afanye nini na mikono yake pale gurudumu linapoanza kuteleza.

Kwa nini pikipiki inateleza

Sehemu ya tairi inayogusa barabara ni ndogo, inakaribia ukubwa wa kiganja. Hapo ndipo unapotoka uwezo wote wa pikipiki kusimama, kuongeza mwendo na kukata kona.

Ufikirie mshiko huo kama mshahara. Ukiutumia wote kulipia kodi ya nyumba, haubaki wa chakula. Vivyo hivyo, dereva akitumia mshiko wote kukata kona kwa kasi, haubaki wa kulipia breki. Akibana breki hapohapo, tairi linashindwa kulipa madeni mawili kwa pamoja, linaachia barabara.

Kona yenyewe ina deni linalopanda haraka. Dereva akitoka mwendo wa kilomita 20 kwa saa hadi 40, kona ileile inadai mshiko mara nne, si mara mbili. Ndiyo maana kona aliyoipita salama mara mia inaweza kumwangusha siku aliyochelewa kidogo.

Mshahara nao hupungua. Mchanga uliomwagika kwenye lami, changarawe, tope, mafuta yaliyodondoka vituoni na mistari ya rangi iliyolowa, vyote vinaukata. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni mbaya zaidi kwa sababu inachanganya vumbi na mafuta yaliyokaa barabarani. Ongeza tairi kipara na abiria wawili wa mshikaki, na dereva anaingia kwenye kona akiwa hana akiba.

Wanaoteleza kwa makusudi

Wapo watu wanaoteleza kila kona na hawaanguki. Katika mashindano ya spidiwei, pikipiki hazina breki kabisa. Madereva wanazunguka uwanja wa udongo wakiwa wamelaza pikipiki, gurudumu la nyuma likiteleza nje, mguu wa kushoto ukiwa na kiatu chenye soli ya chuma kinachoburuzwa chini. Ukitazama picha zao utashangaa: kona inaelekea kushoto, lakini usukani umegeuzwa kulia. Gurudumu la mbele linaelekezwa kule pikipiki inakotelezea, ndipo inabaki wima.

Mmarekani Kenny Roberts alianzia kwenye mbio za viwanja vya udongo, kisha akaenda Ulaya kutwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki za cc 500 mwaka 1978, 1979 na 1980. Baadaye alifundisha wengine kwenye shamba lake huko California, akiwazungusha kwenye udongo kwa pikipiki ndogo za cc 100. Valentino Rossi, bingwa wa dunia mara tisa, naye ana uwanja wa udongo Tavullia, Italia. Vijana anaowalea hufanyia mazoezi hapo, akiwamo Francesco Bagnaia, aliyetwaa ubingwa wa MotoGP mwaka 2022 na 2023.

Mzazi wa dereva wa bodaboda anajifunza nini kwa watu hao? Hawajifunzi kuteleza barabarani. Wanaanza kwa mwendo mdogo, pikipiki nyepesi, uwanja usio na gari wala mtembea kwa miguu, wakiwa wamevaa kinga mwili mzima. Wanarudia duara lilelile mara mia kadhaa.

Sababu ya kurudia ni kwamba pikipiki ikiteleza hakuna muda wa kufikiri. Mambo yanaisha kabla hujamaliza kutaja jina la Mungu. Ambaye hajazoea hufanya makosa matatu kwa mpigo: anakodolea macho mtaro, anakaza mikono, anabana breki. Aliyezoea anatazama njia ya kutokea, analegeza mikono na kutuliza miguu. Hilo halitokani na ujasiri. Ni mazoezi, kama mtoto anavyojifunza kuandika hadi mkono unajua wenyewe.

Mambo matano ya kufundishwa uwanjani

Mazoezi haya yafanywe kwenye uwanja mtupu, pamoja na mwalimu wa udereva, helmeti kichwani, viatu vinavyofunika vifundo, suruali nzito na glovu.

Kwanza, macho. Pikipiki hufuata macho ya dereva. Kijana azoee kugeuza kichwa na kutazama mwisho wa kona, asitazame gurudumu la mbele wala shimo analolikwepa.

Pili, mwendo upungue kabla ya kona. Breki na gia vimalizike pikipiki ikiwa bado imenyooka. Akiwa ndani ya kona, avute mafuta kidogokidogo, bila kushtua. Kufunga mafuta ghafla au kuyavuta kwa pupa kwenye utelezi kunaweza kulitoa gurudumu la nyuma kwenye njia.

Tatu, breki zibanwe taratibu kama mtu anayekamua chungwa. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi ya kusimamisha pikipiki, kwa hiyo kumwambia kijana asiiguse kabisa ni kumpotosha. Ajifunze kuibana kwa kuiongeza polepole, pikipiki ikiwa imenyooka, pamoja na ya nyuma.

Nne, gurudumu la mbele likianza kuteleza kwa sababu ya breki, aachie breki hiyo mara moja, kisha aibane upya kwa ulaini. Hili ndilo mdogo wangu hakulijua. Yeye kadiri alivyoteleza ndivyo alivyozidi kubana.

Tano, gurudumu la nyuma. Breki ya nyuma ikibanwa sana, gurudumu linaacha kuzunguka na kuburuzika. Pikipiki ikiwa bado imenyooka, aachie breki taratibu. Ikiwa mkia umeshapinda upande mmoja, asiachie ghafla, kwa sababu tairi litashika barabara kwa kishindo, pikipiki itajinyoosha kwa nguvu na kumrusha juu. Hapo ni salama zaidi kuendelea kukanyaga breki ya nyuma huku akitazama mbele, hadi isimame.

Akishayazoea haya, kijana asiende kuyajaribu kwenye kona ya mtaa ili wenzake wamwone. Barabarani, dereva bora ni yule ambaye abiria wake hajui hata kama kulikuwa na utelezi.

Mzazi, nafasi yako iko hapa

Ukipanga bajeti ya pikipiki, weka ndani yake ada ya mafunzo, leseni na helmeti mbili, ya dereva na ya abiria. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa na Cochrane ulionyesha kuwa helmeti inapunguza hatari ya kifo kwa mwendesha pikipiki anayepata ajali kwa takriban asilimia 42, na ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Helmeti isiyofungwa mkanda kidevuni inaweza kuchomoka kabla kichwa hakijafika chini.

Kagua matairi mwenyewe. Huhitaji ufundi, pitisha kidole kwenye mifereji ya tairi. Kama kidole hakioni mfereji, mvua haitapata pa kupitia.

Kama wewe ndiye unayepokea hesabu ya siku, fikiria siku ya mvua kubwa. Kijana anayejua kwamba hesabu haipungui hata mvua ikinyesha ataingia kwenye kona kwa kasi kuifidia. Kumpigia simu na kumwambia apumzike hadi mvua ikatike ni sehemu ya kumlinda.

Na kama mwanao ndiye abiria, kumbuka kwamba kanuni za Tanzania zinakataza bodaboda kubeba mtoto wa chini ya miaka tisa. Aliyevuka umri huo afundishwe kukaa nyuma ya dereva, miguu ikiwa kwenye vikanyagio, na kuinama pamoja na dereva kwenye kona. Abiria anayeogopa na kujivuta upande wa pili anaivuruga pikipiki wakati inahitaji utulivu.

Ajali ikitokea, msimvute majeruhi kumsimamisha, na msimvue helmeti kwa nguvu kama anapumua vizuri. Mguu uliopinda usinyooshwe mtaani. Michubuko ioshwe kwa maji safi yanayotiririka, isipakwe majivu wala dawa ya meno, na hospitalini mkumbuke kuuliza kuhusu sindano ya pepopunda.

Mdogo wangu alipopona, aliiomba tena funguo. Mama alikataa kabisa. Baba alikaa kimya siku mbili, kisha akamtafuta mwalimu wa udereva. Ada yake haikufika robo ya tulichotumia hospitalini.

Jumapili tatu mfululizo walikwenda kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi. Mwalimu aliweka ndoo mbili chini, kijana akazizunguka kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole, kwanza kwenye nyasi kavu, kisha upande wenye tope. Alianguka mara mbili, akainuka akicheka, akarudia. Katikati ya mapumziko Jumapili ya pili alikaa pembeni yangu, akasema taratibu kwamba ile siku si barabara iliyomtupa.

Baba alikuwa upande wa pili wa uwanja, kwenye kiti cha plastiki alichobeba kutoka nyumbani, akihesabu mizunguko kwa vidole. Funguo zilikuwa mfukoni mwake. Alizitoa Jumapili ya tatu, jioni.