Mfanyakazi Mbishi na Bosi Wake (Sehemu ya Pili)

Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikawapiga marufuku viongozi kuwadharau na kuwaonea walio chini yao. Wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam waliishika ibara hiyo kwelikweli. Migomo ikafuatana hadi 1973, mwaka ambao wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikitwaa kiwanda na kuendelea kuzalisha wenyewe.

Walidai nini? Issa Shivji na Paschal Mihyo, wanazuoni walioichambua migomo ile, wanaonyesha kuwa mingi haikuwa ya mshahara. Watu walichoshwa na matusi, vitisho na mameneja wasioambilika.

Mabaraza ya wafanyakazi yalikwisha kuanzishwa kwa waraka wa Rais wa 1970, lakini yalikuwa ya kushauri tu, na sauti ya wakubwa ndiyo iliyotawala ndani yake. Hapo pana funzo kwa kila mwajiri wa leo, kuanzia Chang'ombe hadi Mwenge: ukiitisha kikao ambacho neno la mfanyakazi halibadilishi chochote, atakwenda kulisemea kwingine, tena kwa ukali.

Chukua karakana ya samani pale Keko, Temeke. Oda ya makabati imebanana, mteja anapiga simu kila saa, na fundi mzoefu anagoma kuranda mbao kwa sababu bado ni mbichi. Bosi anamfokea mbele ya vibarua: "Kazi yako kubisha tu!" Fundi ananyamaza, anaranda, anaunga, anapiga vanishi. Baada ya wiki kadhaa mbao zimekauka, maungio yameachia na milango haifungi. Hasara ni ya bosi, naye alishaambiwa. Angemwita fundi pembeni akamuuliza zipi zimekauka na zipi zingoje, angeokoa mbao, mteja na heshima ya watu wawili.

Si kila mbishi ana hoja, hata hivyo. Yupo anayedharau maagizo halali, anayewatisha wenzake, anayechelewa zamu makusudi. Huyo kumvumilia ni kuwaonea wanaochapa kazi. Aambiwe faraghani kosa lake ni lipi na lilitokea lini, apewe onyo la maandishi, na tarehe ya kuangalia kama amejirekebisha ijulikane.

Waajiri wengi wadogo huruka hatua hizo. "Kesho usije" inatamkwa getini, jambo limekwisha. Kisheria halijaisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki, vyote viwili. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinautaja ukaidi uliokithiri kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu kazi, lakini zinataka kwanza uchunguzi ufanyike, mtuhumiwa ajulishwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, apate walau saa 48 za kujiandaa, na aje kikaoni na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Asiyeridhika ana siku 30 za kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mwajiri mwenye kesi nzuri huweza kushindwa pale kwa kukosa tu karatasi ya kikao.

Sehemu ya tatu itaeleza jinsi kikao hicho kinavyoendeshwa katika ofisi yenye watu watano tu, ambako bosi ndiye mlalamikaji na hakuna mkubwa mwingine wa kukaa kiti cha mwenyekiti.