Nilimpeleka Kusoma, Si Kulima!

Kijana mmoja wa kijiji chetu alirudi nyumbani likizo kutoka shule ya sekondari ya misioni. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Baba akampa mkono, lakini hakuuachia. Akaugeuza kiganja, akaona sugu na malengelenge.

"Haya ni nini?"

"Ni bustani ya shule, baba. Na mara moja kwa juma tunafanya kazi ya useremala."

Usiku ule mzee hakupata usingizi. Asubuhi akaja kwangu, amekunja uso. "Nimeuza ng'ombe wawili kulipa karo," akasema. "Jembe analo hapa nyumbani bure. Mimi nilimpeleka kusoma, si kulima!"

Wazazi wapendwa, mzee huyu si peke yake. Wengi wetu tunafikiri kwamba mtu aliyesoma ni yule mwenye mikono laini. Basi tulitazame jambo hili kwa makini, maana si dogo. Kijana anayejifunza kuona haya juu ya kazi ya mikono, siku moja ataona haya juu ya baba yake na mama yake pia.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Mapadre na mabruda wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, waliwakusanya watoto waliokombolewa utumwani. Hawakuwapa katekisimu na kitabu cha kusomea tu. Waliwafundisha pia kulima, kujenga na kazi za ufundi, ili kila mmoja aweze kusimama kwa miguu yake mwenyewe.

Wabenediktini walifika Pugu, karibu na Dar es Salaam, mwaka 1888. Mwezi wa Januari mwaka 1889 misioni yao ilishambuliwa. Mabruda wawili na sista mmoja wakauawa. Hata hivyo shirika lao halikukata tamaa. Mwaka 1898 walianza Peramiho, na mwaka 1906 Ndanda. Mabruda wao walikuwa waashi, maseremala, wahunzi na wapiga chapa, na vijana wetu wengi walijifunza ufundi kwa kusimama kando yao. Bruda hakuwa na hotuba ndefu. Alishika randa, akapiga randa, kisha akampa kijana: "Haya, sasa wewe."

Huyo ndiye mwalimu wa vitendo: anatangulia yeye, mwanafunzi anafuata.

Tumtazame na mwalimu mwingine, tunayemjua sote. Julius Nyerere alipomaliza masomo ya Makerere, alifundisha Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria ya Mapadre Weupe, tangu mwaka 1946 hata mwaka 1949. Somo lake mojawapo lilikuwa biolojia, yaani elimu ya viumbe. Aliporudi kutoka masomoni Edinburgh mwaka 1952, alikwenda kufundisha Pugu katika shule ya Mtakatifu Fransisko, hata alipojiuzulu mwaka 1955 kwa ajili ya kazi ya siasa. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule za namna hiyo zilichukuliwa na Serikali, lakini jina la Mwalimu alibaki nalo maisha yake yote.

Mwezi wa Machi mwaka 1967 Mwalimu alitoa andiko lake la "Elimu ya Kujitegemea". Alitaka shule ziwe na mashamba na karakana. Lakini wengi tunasahau neno moja: alitaka shamba liwe sehemu ya masomo, na wanafunzi washiriki katika kupanga kazi na matumizi ya mapato yake. Naye alipotoka katika Urais mwaka 1985, alirudi Butiama akalima.

Sasa, somo la vitendo ni kitu gani hasa? Tuingie darasani.

Mwalimu anataka kufundisha kwamba jani hutengeneza chakula kwa nguvu ya jua. Anaweza kuliandika jambo hilo ubaoni. Wanafunzi watalinakili, watalikariri, na baada ya mtihani watalisahau. Lakini mwalimu wa vitendo hafanyi hivyo. Huweka mmea gizani siku mbili. Kisha hufunika sehemu ya jani kwa karatasi nyeusi, akauweka mmea juani. Baadaye wanafunzi wenyewe hulichuma jani lile. Hulichemsha katika maji, halafu hulitia katika spiriti iliyo ndani ya chombo, na chombo hicho hukalishwa katika maji ya moto mbali na mwali, maana spiriti hushika moto upesi. Rangi ya kijani hutoka. Hulisuuza, wakadondosha dawa ya iodini. Sehemu iliyopata jua hugeuka nyeusi yenye ubuluu: hapo pana wanga, yaani chakula. Sehemu iliyofunikwa hubaki na rangi ile ile ya dawa.

Mwanafunzi aliyeona hivyo kwa macho yake hawezi kusahau. Tena akienda shambani akakuta hindi limefunikwa na magugu, anajua kwamba halinyang'anywi maji na rutuba tu. Linanyang'anywa na jua lake. Hapo palizi si adhabu tena. Ni elimu.

Au tutazame hesabu. Fundi mwashi anataka pembe ya nyumba iwe mraba. Anapima futi 3 upande mmoja na futi 4 upande wa pili. Ikiwa kamba ya kuunganisha ncha hizo mbili ni futi 5 kamili, pembe ni sawa. Ikizidi au ikipungua, nyumba itakwenda upande. Hiyo ndiyo kanuni ya Pythagoras wanayoandika wanafunzi katika madaftari. Aliyeipima kwa kamba katika msingi wa banda la kuku ameielewa mara mbili.

Kazi ya namna hii humtaka mwalimu ajitolee. Hulijaribu jambo lake kabla ya kipindi, asije akaaibika mbele ya darasa. Huosha vyombo, huhesabu chupa, hulinda watoto na moto na asidi. Vifaa vikikosekana, hutafuta makopo na chupa tupu. Ukikutana na mwalimu wa namna hiyo, mshukuru.

Lakini lazima tuseme kweli yote. Yule mzee hakukosea katika kila jambo. Ziko shule ambazo jembe limekuwa fimbo ya pili: aliyechelewa akalime, aliyepiga kelele akalime. Na ziko ambazo wanafunzi hulima, mazao yakaenda wasikokujua. Kazi ya namna hiyo haifundishi kitu ila kuchukia ardhi. Mzazi anayo haki ya kuuliza katika mkutano wa shule, kwa heshima: Je, mwalimu yupo shambani pamoja nao? Je, wanapima, wanaandika, wanalinganisha? Je, mazao yanaliwa na nani? Je, wasichana nao wanafika katika maabara na karakana, na wavulana wanajua kupika na kushona kifungo?

Tukumbuke pia imani yetu. Mkombozi wetu aliitwa mwana wa seremala. Mtume Paulo alishona mahema. Mwaka 1955 Papa Pius wa Kumi na Mbili aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Kanisa halikuona haya kuiheshimu mikono yenye sugu. Mbona sisi tuone haya?

Nilimwambia yule mzee machache katika haya. Hakunijibu. Lakini kesho yake alimpa kijana matuta sita nyuma ya nyumba, akamwambia, "Nionyeshe basi hiyo elimu yako."

Kijana alitia samadi iliyooza katika matuta mawili, mboji ya majani katika mawili, na mawili akayaacha hivi hivi. Akapanda mahindi siku moja, kwa kipimo kimoja, akaandika yote katika daftari. Likizo ikaisha, akarudi shuleni. Daftari akamwachia baba, apime urefu wa mahindi kila Jumamosi.

Mavuno bado. Lakini Jumamosi iliyopita nilipita pale baada ya Rozari, nikamkuta mzee ameinama kati ya matuta, kamba mkononi na kalamu sikioni.

"Karibu," akasema bila kuinua kichwa. "Ngoja kwanza nimalize kupima."