Elimu ya Juu na Uvumbuzi: Funzo Kutoka Morogoro

Wachungaji wengi tumeulizwa na mzazi usharikani: je, niuze ng'ombe ili mwanangu asome chuo kikuu? Ndani ya swali hilo limo lingine kubwa zaidi: elimu ya juu inalipa taifa nini? Tunakusudia kulijibu kwa mfano mmoja.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilianzishwa Morogoro mwaka 1984. Katika miaka hiyo ya 1980, watafiti wa hapo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walichunguza panya waharibuo mahindi: huzaliana lini, na mvua huathirije wingi wao. Kwa mtu wa nje kazi hiyo ilionekana ndogo. Lakini mwaka 2000 shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997, lilihamia chuoni hapo, mahali ambapo ujuzi juu ya panya ulikuwapo tayari. Panya buku wakafundishwa kunusa baruti ya mabomu yaliyotegwa ardhini. Uzito wao, yapata kilo moja, hautoshi kulipua bomu. Wakiitambua harufu hukwaruza udongo, nao hupewa chakula kama tuzo. Panya hao walifanya kazi Msumbiji, pamoja na watu wa mashirika mengine, na mwaka 2015 nchi hiyo ilitangazwa kuwa imeondoa mabomu yote yaliyojulikana. Ardhi iliyoogopwa ikawa shamba tena. Wengine wakafundishwa kutambua kifua kikuu katika makohozi yaletwayo kutoka hospitali na zahanati.

Hapa twaona mambo mawili. Kwanza, utafiti ulianza na shida ya mkulima, wala si na tamaa ya sifa. Pili, matunda yake makubwa hayakuonekana tangu mwanzo. Ambaye angedai faida ya haraka angeufuta mapema.

Kwa hiyo hatuna budi kumjibu mzazi yule kwa uaminifu. Shahada peke yake haijazi ghala. Elimu huzaa uvumbuzi pale msomi anaposikiliza shida za watu, na taifa linapokubali kungoja mavuno. Tusimwahidi mzazi kwamba ng'ombe wake atarudi mwakani. Tumwombe mwanawe asiisahau shida ya shamba alikotoka, kwa maana huenda ndiyo swali ambalo chuo kinalingoja.