Kusomea Historia ya Sanaa Firenze: Kweli au Si Kweli?

Kijana akitangaza kwamba anakwenda Firenze, Italia, kusomea historia ya sanaa, kila mtu nyumbani ana lake la kusema. Haya ndiyo yanayosemwa sana, pamoja na ukweli wake.

"Picha zote zipo kwenye simu, nauli ya nini?"
SI KWELI. Ingia kanisa la Santa Maria Novella, usimame mbele ya Utatu Mtakatifu aliouchora mchoraji Masaccio ukutani mnamo 1427 hivi. Sogea kadiri unavyoruhusiwa, uutazame ukuta kwa upande. Ipo mistari ambayo simu huificha: mchoraji alivuta nyuzi akazigandamiza kwenye lipu mbichi ili dari alilolichora likae sawa, kama fundi wetu anavyopiga uzi kabla ya kupanga tofali. Usoni mwa Maria aliyechorwa humo kuna miraba iliyokwaruzwa kwa ncha kali. Kusoma alama hizo, na kuutambua mkono ulioziacha, ndilo somo lenyewe.

"Lazima ujue kuchora."
SI KWELI. Kinachotakiwa ni jicho lenye subira na ulimi unaoeleza. Mitihani mingi ya vyuo vya Italia ni ya mdomo: mwalimu anakuwekea picha, nawe unaanza kusema unachokiona.

"Kiingereza kinatosha."
NUSU KWELI. Zipo shahada zinazofundishwa kwa Kiingereza. Lakini mikataba ya wasanii, barua na madaftari ya hesabu yaliyohifadhiwa Firenze yameandikwa kwa mkono, kwa Kiitalia cha zamani na Kilatini. Anza Kiitalia kabla hujapanda ndege.

"Ni somo la watoto wa wenye nazo."
SI KWELI. Vyuo vikuu vya umma vya Italia hupanga ada kwa kuangalia kipato cha familia, na mikoa hutoa ufadhili ambao hata mgeni anaruhusiwa kuomba. Kazi iko kwenye karatasi: vyeti vya kipato vya wazazi vinahitaji kutafsiriwa na kuthibitishwa, na wengi huukosa ufadhili kwa kuchelewa tu. Vishughulikie mapema.

"Utajua ya Ulaya, ya kwenu utayasahau."
SI KWELI, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Watawala wa Firenze, ukoo wa Medici, walizipenda mno kaure za Kichina, nyeupe zenye maua ya buluu. Mmoja wao, Francesco I, akaweka mafundi waziige, na kati ya 1575 na 1587 wakatoa vyombo vyao. Vilivyosalia leo ni vichache. Upande wetu, Waswahili walizipachika kaure za Kichina kwenye makaburi ya nguzo. Kule Mambrui, karibu na Malindi, mabakuli ya namna hiyo yalipachikwa kwa chokaa kwenye nguzo ya kaburi.

Chombo kilichokuwa fahari ya jumba la mtawala kule, huku kilipewa heshima ya kulinda kumbukumbu ya marehemu. Aliyezoea kuuhoji ukuta wa Masaccio atasimama mbele ya kaburi lile kwa subira ileile: nani alilileta bakuli hili, nani alilipachika, na je, chokaa ilikuwa bado mbichi?