Majabali ya Njiani na Nyoyo Zetu

Familia itokayo Shinyanga kwenda Geita kupitia Misungwi na Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa mwaka 2025, hupita kando ya majabali ya itale yaliyopandana. Watoto huuliza: ni nani aliyeyapanga? Mzazi asilipuuze swali hilo. Awakumbushe Surat al-Baqara, aya ya 74: yapo mawe yatokayo mito, na yapo yaporomokayo kwa kumcha Allah (S.W.), ilhali moyo wa mtu waweza kuyashinda kwa ugumu. Geita wapo wanaovunja mwamba kutafuta dhahabu, adhana ikawapita. Nasi wasafiri, tukiharakia kufika, tu katika hatari hiyo hiyo. Tusimame, tuswali rakaa mbili za safari pamoja na watoto wetu.