Mwili wa makamo si karatasi ya mtihani

Kuna maradhi ambayo sisi walimu tumewaambukiza wanafunzi wetu kwa miaka mingi, nayo ni maradhi ya kuabudu alama. Mtoto akirudishiwa daftari lake huuliza amepata ngapi kabla hajauliza amekosea wapi. Mwaka jana, nikiwa na umri wa miaka 51, niligundua kwamba maradhi hayo niliyoyaeneza yalikuwa yamenirudia mwenyewe, tena mahali nisipopatarajia kabisa: juu ya mashine ya kukimbilia, katika jimu moja mtaani Westlands, Nairobi.

Aliyenipeleka huko ni daktari. Nilikuwa nimekwenda kwake kutafuta dawa ya kikohozi, naye akanifunga mkononi kile kitambaa cha kupimia shinikizo la damu, akasoma 156 kwa 98. Alirudia siku nyingine, akapata takriban yaleyale. Marehemu baba yangu alianguka kwa kiharusi akiwa na miaka 57, kwa hivyo sikuhitaji mahubiri marefu. Daktari aliniandikia dawa, akaniagiza nipunguze chumvi na niwe na mazoea ya kutembea. Alisema nitembee, mimi nikasikia nishindane.

Jimu yenyewe nilikuwa nikiipita kila jioni nikitoka kazini katikati ya jiji kuelekea nyumbani upande wa magharibi. Ina mashine zilizopangwa safu moja kuelekea dirishani, na kila mashine ina kioo kidogo kinachoonyesha dakika, kasi, masafa na kalori. Nikajiwekea lengo la kuchoma kalori 500 kila jioni. Ukiniuliza kwa nini 500, jibu la kweli ni la aibu. Hiyo ndiyo iliyokuwa jumla ya alama za mtihani wa KCPE hadi ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Kwa mtu aliyezeekea chaki, 500 ndio ukamilifu.

Kwa majuma matatu nilifaulu, au nilidhani nimefaulu. Nilikuwa nikinakili namba katika daftari na kuipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nikichoka, nilishikilia vyuma vya pembeni na kuning'inia kama nguo kwenye kamba, huku kalori zikiendelea kupanda. Nikifika nyumbani nilijituza chapati mbili, kwa kuwa nilikuwa nimezifanyia kazi.

Jioni moja namba ilikuwa imefika 471 kifua kiliponibana na macho yakaanza kuingia kiza. Mwenye akili timamu angesimama. Mimi niliona zimebaki 29. Kijana anayesimamia ukumbi, ambaye niliwahi kumfundisha Kiswahili alipokuwa kidato cha pili, alikuja mbio akabonyeza kitufe chekundu. Aliniketisha, akaniletea maji, akangoja pumzi zangu zitulie. Kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, samahani. Hiyo namba hakuna anayeisahihisha. Hata mashine yenyewe haijui umechoma kalori ngapi. Inakisia tu."

Kesho yake daktari alinipima moyo, akaukuta salama, akanikemea vilivyo. Nami, kama ilivyo desturi ya walimu, nilikwenda kusoma nilichopaswa kukisoma kabla.

Kalori tunayoitaja katika habari za chakula, ambayo kwa usahihi ni kilokalori, ni kiasi cha joto kinachotosha kupandisha joto la kilo moja ya maji kwa digrii moja ya Selsiasi. Mashine ya jimu haipimi joto la mwili wako wala pumzi zako. Huchukua kasi, mwinuko, muda na uzito uliouandika, ikazidisha na kujumlisha. Usipoiambia uzito wako, hukudhania kuwa mtu wa uzito wa kadiri uliopangwa na kiwanda. Ukiyaegemea yale machuma ya pembeni, huhesabu kana kwamba miguu yako imebeba mzigo wote. Isitoshe, kwa kawaida hutia katika hesabu hata kalori ambazo ungezitumia ukiwa umeketi kitini.

Tutazame hesabu nyepesi. Mtu anapoketi kimya hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake kwa saa. Akitembea kwa mwendo wa kawaida, hutumia kama mara tatu na nusu ya kiasi hicho. Mtu wa kilo 80 atatumia basi kalori 280 hivi kwa saa, na katika hizo 80 angezitumia hata akiwa anasoma gazeti. Ili afikishe 500 itambidi atembee kwa karibu saa moja na dakika 48. Akitaka kuzimaliza kwa dakika 47 hana budi kukimbia, na kukimbia ghafla ndiko kulikokaribia kuniponza. Nazo chapati mbili za mafuta, zikifuatwa na chai ya maziwa yenye sukari, zaweza kuzirudisha zote kabla taarifa ya habari haijaisha.

Hata tukichukulia kwamba namba ya mashine ni sahihi, liko jambo zito zaidi, na ushahidi wake ulipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, huishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, na kila siku hutembea kilomita nyingi. Mwaka 2012 mtaalamu Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nguvu ambayo miili ya Wahadza hutumia kwa siku nzima. Ilionekana kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, Wahadza hawatumii kalori nyingi kuliko wakazi wa Ulaya na Marekani wanaoshinda vitini. Maelezo aliyoyatoa Pontzer ni kwamba mwili ni kama mama mwenye nyumba anayejua bajeti yake: ukitumia zaidi huku, yeye hubana kule.

Mwaka 2021 utafiti mwingine, uliokusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, ulionyesha kwamba kati ya umri wa miaka 20 na 60 matumizi ya mwili hayabadiliki sana, mradi ukubwa wa mwili uzingatiwe. Maana yake ni kwamba kitambi cha makamo hatuwezi kukisingizia umri peke yake. Sahani inahusika. Kiti nacho kinahusika.

Je, mazoezi hayana faida? La hasha. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walilinganisha wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alishinda ameketi, naye kondakta alishinda akipanda na kushuka ngazi kukusanya nauli. Makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa kiasi kidogo kuliko madereva. Hakuna kondakta aliyekuwa na kioo cha kumhesabia kalori. Faida ilikuwa katika kule kupanda na kushuka kwenyewe, siku baada ya siku.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Mazoezi ya wastani ni yale ambayo unaweza kuzungumza ukiyafanya, lakini huwezi kuimba. Msomaji atasema kwamba dakika nazo ni namba. Ni kweli, lakini dakika hazikisiwi, na hazikudai uikimbilie ya mwisho kifua kikibana.

Mbele ya dirisha la jimu ile ipo Waiyaki Way, na alfajiri utawaona watu wa Kangemi wakiifuata kwa miguu kwenda mjini na hata Eneo la Viwandani, kama vile wenzao wa Kawangware wanavyopita Lavington. Sitawasifu kwa afya njema, kwa maana wengi wao hawatembei kwa hiari. Wanatembea kwa kukosa nauli, mara nyingi pembeni mwa barabara isiyo na njia salama ya miguu. Lakini nilipowatazama nikiwa nimelipa ada ya mwezi ili nitembee bila kwenda popote, nilijiuliza ni kitu gani kilichonizuia kushuka na kuungana nao.

Siku hizi asubuhi ninashuka kwenye matatu Museum Hill na kwenda kwa miguu hadi kazini, kwa muda wa nusu saa hivi, siku tano kwa wiki. Ofisi yetu iko ghorofa ya nne, nami lifti nimewaachia wageni. Jimu sikuihama, kwani mvua ya Aprili haina huruma na kijana yule hunisimamia nikinyanyua vyuma. Chapati imekuwa moja.

Mwezi uliopita daktari alinipima akasoma 134 kwa 86, na dawa bado ninameza. Uzito umepungua kilo mbili tu. Kwa mizani ya zile 500 zangu, nimeanguka mtihani. Daktari hakuona hivyo, akaniambia niendelee vivyo hivyo.

Nikipanda ile mashine, mwanafunzi wangu wa zamani hutupa taulo juu ya kioo bila kusema neno. Mara ya kwanza nililiinua kuchungulia. Sasa naliacha hapo hapo mpaka nishuke.