Ginekomastia: jina linalotisha kuliko jambo lenyewe
Wanafunzi wenzangu wa kiume huniuliza kwa sauti ya chini: kifua kikikua, nimepungukiwa uanaume? Naona hofu hiyo imo katika jina. Ginekomastia latoka Kigiriki: gyne, mwanamke, mastos, titi. Lakini kila mwanaume huzaliwa na tishu ya titi. Wakati wa kubalehe homoni hubadilika, tishu hukua, na mara nyingi hupungua yenyewe kati ya miezi 6 na miaka 2. Basi tusikimbilie vidonge vya sokoni. Uvimbe mgumu kando ya chuchu, chuchu kutoa damu, au hali kupita miaka 2: hapo ni daktari, naye huangalia pia dawa tunazotumia. Mimi husema “kukua kwa kifua”. Jina lisiloaibisha humfanya kijana aulize mapema.